Manili ya Tumbo Pana

Kosa ni langu, mi Isidore, mwenye duka ya vyuma pa bandari ya Baraka. Diplome yangu iko ukutani, lakini siku ile ilinitazama tu, haikunisaidia.

Clarisse, mutoto wa dada yangu, njo alikuwa anauzisha. Siku moja ya soko, bantu banasukumana, Bertin, fundi wa boti, akaingia, mafuta ya moteri mpaka kwa shingo. Clarisse alikuwa na kitenge ya manjano. Kijana akasahau kusalimia.

"Unipe manili, mama, ile pete ya chuma ya kuungia kamba."

"Manili gani? Zote si vyuma?"

"Hapana, sheri wangu. Hii nyembamba ni ya kamba moja, inavuta njia moja. Hii ya tumbo pana njo ya kamba mbili, moja huku, moja kule. Ukivuta nyembamba kwa pembeni, inafunguka."

"Basi we uko tumbo pana. Babibi bawili banakuvuta!"

"Mi niko nyembamba. Kamba moja tu. Ni we."

Tangu pale simu haikulala. "Umekula?" "Nakungoya we." Bakapanga mahari.

Juma ile, Bertin alikuwa anashusha mashini ya kusaga mihogo mu boti, kamba mbili. Akamupigia Clarisse simu: "Unitumie tumbo pana, mupenzi." Zilikuwa zimeisha. Mi nikafunga nyembamba mu gazeti, nikasema chuma ni chuma. Clarisse akapeleka bila kufungua. Bertin alikuwa chini mu boti. Juu, mwenzake Lionel akaifunga mbio, mawimbi yanapiga.

Manili ikafunguka, mashini ikaanguka. Mukono wa kuume wa Bertin ukabaki chini yake.

Clarisse akakimbia hospitali, miguu wazi.

"Nilikufundisha manili na huu mukono," Bertin akamwambia, akionyesha bandeji. "Ulijua. Toka."

Siku ine Clarisse anapiga simu, Bertin hapokei. Siku ine hali kitu. "Tonton, ile nyembamba iliingia namna gani mu gazeti?" akaniuliza mi mujomba wake. Nami nikainamisha kichwa, nikasema sijui.

Leo Lionel akatuambia: Bertin anarudi kwao Kalemie, boti ya saa ine. Njo nikamwambia Clarisse kweli. Hakunitukana. Alishika kitenge tu, akakimbia. Nami nyuma yake, kitumbo yangu inarukaruka.

Boti ilikuwa imeshaachia. Clarisse aliingia mu maji mpaka magoti, anaita jina. Nikapiga na namba yangu mi. Akapokea.

"Bertin, ni Isidore. Ni miye nilibadilisha. Yeye hakujua kitu."

Moteri. Maji.

"Mwanangu, unichukie mi. Lakini kama ungali unamupenda Clarisse, geuka, uinue ule mukono unaobaki, aone."