Unga Mweusi Ndani ya Tairi Pana

Jumatatu, tarehe 15 Novemba 1976, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa banda la matrekta ulifunguliwa katika shamba moja la miwa kusini ya Moshi. Trekta namba nne lilikutwa limekalia ringi. Matairi yake mawili ya nyuma yalikuwa yamechanwa ubavuni kwa panga.

Kufikia saa mbili mkosaji alikuwa ameshachaguliwa. Gidioni, dereva wa trekta hilo, mtu wa Singida, alifungwa pingu kwenye nguzo ya banda. Jumamosi alikuwa amesema mbele ya madereva wenzake: "Matairi haya nitayapasua mimi."

Sajini Eliufoo wa polisi Moshi alifika saa tatu. Bwana Shamba Basili hakungoja hata ashuke vizuri kwenye gari.

"Afande, huyu ni mhujumu. Matairi haya tumeyasubiri miaka miwili. Ni mapana, yana upepo mdogo, yanapita shambani bila kushindilia udongo. Yale membamba yamelifanya shamba sakafu. Mvua ikinyesha maji yanasimama juu, mizizi ya miwa haishuki. Na leo saa sita mkewe anatoka kwenye nyumba ya kambi. Nimeshaagiza."

"Mkewe naye alishika panga?"

"Nyumba ni ya dereva. Huyu si dereva tena. Ni mtu wa jela."

Eliufoo akamwendea aliyefungwa.

"Ulisema utayapasua?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Yananitesa. Shambani yanataka paundi kumi na mbili. Nikitumwa barabarani, nijaze mpaka ishirini na sita. Nikirudi, nipunguze. Kila safari nusu saa kwenye kompresa, halafu jioni naambiwa mvivu, ekari hazijatimia."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelewa mbege. Shahidi ni mke wangu, na najua hamtamsadiki. Wewe na nyapara ni watu wa mlima mmoja. Andika unachotaka."

"Ningetaka kuandika uongo nisingepoteza muda kukuuliza," alisema Eliufoo.

Nyapara mkuu, Thadeus, aliyetunza ufunguo wa banda, alikuwa ameegemea mlango akicheka kwa pua. Aliwahi kuwa dereva wa malori kabla ya kuja shambani.

"Afande, unatafuta nini tena? Mbwa amebweka mwenyewe."

"Ufunguo ulikuwa kwako?"

"Kwangu. Lakini dirisha la nyuma halina komeo. Hata mbuzi anaingia."

"Na mlinzi?"

"Jana nilimpa ruhusa. Naye ni Mkristo, anasali."

Saa nne Eliufoo alipiga magoti kando ya trekta na kuingiza mkono ndani ya tairi lililochanwa. Ulitoka mweusi mpaka kwenye kifundo. Ndani mlijaa unga wa mpira, laini kama masizi ya jikoni, na mpira wa ndani ulikuwa vipandevipande. Akafunga ngumi bila kuufuta ule unga. Kisha akapanda kwenye tela la trekta hilo, akachungulia katikati ya mbao, akachokoa punje saba na kuzitia mfukoni.

"Kuna shahidi Bomang'ombe," alitangaza. "Gari langu halina petroli. Namba tano si lina matairi kama haya? Thadeus, nipeleke."

Thadeus aliruka juu ya trekta namba tano, akaliwasha, akalitoa bandani. Matairi yalitandaza matumbo yao kwenye changarawe. Alikuwa amefika getini Gidioni alipopiga kelele kutoka kwenye nguzo.

"Jaza upepo, mpumbavu wewe! Hiyo ni paundi kumi na mbili!"

"Zima. Hakuna shahidi Bomang'ombe," alisema Eliufoo. Akamgeukia Gidioni. "Akienda hivyo, tena na tela lenye mzigo, itakuwaje?"

"Ubavu utapata moto. Nyuzi zitakatika, mpira utajisaga wenyewe ndani, uwe unga."

"Unga kama huu?"

Eliufoo alifumbua ngumi. Basili aliusogelea ule mkono mweusi, akaugusa kwa kidole.

"Panga halisagi mpira," Eliufoo aliendelea. "Matairi haya yalikufa barabarani, panga likaja kuficha. Aliyeyaendesha hakujua kuwa barabarani hujazwa. Thadeus, siku madereva walipofundishwa, ulikuwa wapi?"

"Nimeendesha malori kabla Basili hajaota meno. Nifundishwe upepo?"

"Na hizi je?" Zile punje saba zilikuwa kiganjani. "Kahawa ya ganda, kwenye tela la miwa. Gidioni hana mbuni hata mmoja. Wewe una kihamba cha kahawa na migomba kule Kilema."

Thadeus alishuka, akamsogelea, akaanza kumnong'oneza Kichagga.

"Sema Kiswahili. Wote wasikie."

Uso wa nyapara ulikunjamana.

"Haya, sikieni. Ng'ambo ya mpaka wa Holili, kule Kenya, kahawa inalipwa papo hapo. Hapa kila msimu naambiwa subiri. Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi yamekatazwa barabarani, lakini trekta la umma nani atalisimamisha? Nilikwenda. Wakati wa kurudi matairi yakaanza kunuka, nikayafikisha kwa shida."

"Ukamtwisha Gidioni."

"Alisema mwenyewe atayapasua. Nilimpa alichoomba."

Gidioni alijivuta kwa nguvu hata nguzo ikalia. Eliufoo alimfungua pingu, na zile zile akamfunga nazo Thadeus.

Ilikuwa saa sita na robo walipofika kambini. Askari wa shamba walikuwa wamekwisha maliza kazi yao. Odilia, mke wa Gidioni, mjamzito wa miezi minane, aliketi juu ya kitanda uani, masufuria yakiwa miguuni pake, jua likimpiga utosini.

"Makosa hutokea," alisema Basili. "Gidioni, mchana utaingia shambani na namba tano."



"Bwana Shamba," aliuliza Eliufoo, "nani aliagiza vyombo vitolewe?"

"Mimi."

"Basi utaviingiza wewe."

Basili aliangaza macho akiwatafuta askari wake. Walikuwa wanatazama pembeni. Gidioni alijibanza kando ya mlango, mikono kifuani, akaacha njia.

Odilia aliinuka taratibu kitandani.

"Shika upande wa kichwani," alimwambia Basili. "Ndio mzito."