Gari Lenye Kochi

Hadithi imebisha hodi. Ifungulieni ikae.

Semeni alikuwa na gari la kusukuma. Mbao mbili, magurudumu matatu, basi.

Kwiki-kwiki, kwiki-kwiki. Jepesi kama ungo.

Kesho yake kungekuwa na mashindano ya kilimani. Kila mtoto humpakia mdogo wake. Mdogo akilia, umeshindwa. Ukishindwa kupanda, umeshindwa pia. Na gari lililoshindwa hupasuliwa kuni.

Semeni akampakia mdogo wake, Chande. Kwiki-kwiki, kwiki... "Waaa!" Ubao ulimuumiza matako.

Semeni akaogopa. Alilipenda gari lake. Hakutaka liwe kuni.

Akatandika godoro. Chande akacheka, lakini gari likagoma kwa uzito. Akaliondoa godoro.

Mara akapita jirani yao, Kibwana. Mtazameni huyo. Gari lake lina kochi. Lina mwavuli, lina kioo, lina kengele tatu. Kupata hayo yote alitoa mpira wake, akatoa na njiwa wake. Sasa hana mpira, hana njiwa, ana kengele.

"We Semeni, hilo ni gari au kigoda?" akauliza Kibwana.

"Ni gari," akasema Semeni. "Lako je, ni gari au sebule?"

Semeni akaokota maganda makavu ya mahindi. Hata kuku hawayataki. Akayafunga kwenye kipande cha kanga kuukuu ya mama.

Chande akakalia. Akacheka. Kwiki-kwiki, kwiki-kwiki.

Kesho ikafika, mashindano yakaanza. Kibwana akasukuma. Guduu... guduu... puu. Kengele zikalia, kioo kikameta, gari likasimama. Hata kwenye mpapai wa katikati ya kilima halikufika.

Riziki, mdogo wake Kibwana, alikuwa amelala kwenye kochi. Starehe aliipata. Safari hakuipata.

Kwiki-kwiki, kwiki-kwiki. Semeni akafika juu, akazunguka jiwe la kileleni, akashuka. Chande hakulia hata kidogo.

Jioni kochi likarudishwa kwao Kibwana. Gari likapasuliwa. Mbao zake zilikuwa nene, nzito, nzuri. Maharage ya watoto wote yakaiva upesi. Siku hiyo ndipo gari lile lilipofanya kazi.

Kibwana akala sahani mbili.

"Nitatengeneza lingine," akasema. "Kengele moja tu."

"Ya nini?" akauliza Semeni.

Kibwana akafikiri. "Basi, hata hiyo niache. Maganda yamebaki?"

"Yamebaki. Njoo asubuhi."

Chande alikuwa ameshalala garini. Semeni akamsukuma polepole mpaka kitandani.

Kwiki... kwiki... kwiki.

Fungeni mlango. Hadithi nayo imelala.