Kibuyu cha Togwa Mtaani Temeke

Kama mnamtafuta mjinga wa siku ile pale Temeke, msihangaike kuzunguka mitaa. Alikuwa mimi, Benedikto, mwanafunzi wa darasa la nne, na kibuyu changu mkononi.

Ilikuwa mwaka 1951, masika yamekolea. Baba yangu, Kasiani, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Kila jioni alirudi, akanawa miguu, akaketi kwenye kigoda, na kabla mama hajaivisha ugali alishaanza: "Kwetu Songea saa hizi ukungu umeshuka mpaka mlangoni." Kwetu maji baridi, kwetu maharage matamu, kwetu hata kuku wana adabu! Watoto wa mtaa wakambandika jina la Mzee Kwetu. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, ili nisichekwe mimi.

"Baba," nilimwambia siku moja, "sie tunaishi Dar es Salaam."

"Najua," alijibu. "Mbu wananikumbusha kila usiku."

Wiki ile mvua iliangusha ukuta wa mbele wa nyumba ya Mama Kondo, jirani yetu, na paa likainama kama kofia ya mlevi. Mama Kondo alikuwa mjane, ndugu zake wote wako Rufiji. Mwanawe, Kondo, alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Karani wa viwanja akaja na baiskeli, akatazama bila kushuka, akasema nyumba isiyosimama itaondolewa na kiwanja apewe mwingine. Atarudi Jumatatu asubuhi.

"Tukiondolewa tunakwenda Rufiji kwa mjomba," Kondo aliniambia shuleni. "Shule ndiyo basi tena." Alisema hivyo huku akichonga penseli ambayo ilikwisha kuchongoka.

Nilipompa baba habari hiyo, hakuanza kusimulia ukungu. Alisimama. "Bernadeta," akamwita mama, "pika togwa."

Kijijini kwa baba, nyumba ya mtu ikianguka, kibuyu cha togwa, ule uji mtamu wa kimea, hupitishwa mlango kwa mlango. Anayekipeleka husema, "Nyumba ya fulani imelala, twende tukaisimamishe." Ukinywa funda moja, umekubali. Hakuna kuulizwa mara ya pili.

Jumamosi jioni baba akanikabidhi kibuyu. "Pita kila mlango. Na yale maneno uyaseme, usiyameze."

Niliyameza. Mlango wa kwanza tu, walikuwa wameketi vijana wanaonifahamu. Mmoja akapaza sauti, "Mwana wa Mzee Kwetu huyo, katuletea ukungu kwenye kibuyu!" Nikaona aibu. Basi nikawa nabisha hodi, nasema, "Shikamoo, karibu togwa." Wanakunywa, wanafuta midomo, naondoka. Mzee Mwinjuma, muuza mihogo ya kukaanga, aliuliza kwanza kama haina kileo, kisha akanywa kana kwamba kisima kinakauka.

"Wamekubali wote?" baba aliniuliza niliporudi.

"Wamekunywa wote, baba."

Ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ile nyingine ndiyo iliyokuwa na nyumba ya Kondo ndani yake.

Jumapili baada ya misa, baba alianza kukanyaga udongo. Mama alichota maji, Mama Kondo alifunga fito, mimi na Kondo tukabeba matope kwenye karai. Hakuna mwingine aliyetokea. Jua likapanda, ukuta haukupanda. Hatimaye baba alitupa jembe, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mwinjuma, tope limemjaa mpaka magotini. Nilimfuata.

"Mwinjuma! Umekunywa togwa yangu, mbona umekaa?"

"Ala! Kumbe ilikuwa ya mtego? Mtoto kanambia karibu, nami nikakaribia."

"Hakukwambia nyumba ya Mama Kondo imelala?"

"Hata neno moja. Na hata angenambia, Kasiani, hapa ni mjini. Kila mtu na lake. Ya kwenu yaache huko kwenu."

"Siyaachi," alisema baba. Akanigeukia. Nilingoja kofi, halikuja. "Sema sasa. Hapa hapa barabarani, kwa sauti."

Wale vijana walikuwa pale, na mmoja alishaanza kuchekelea. Nikamwona Kondo akipita na debe la maji kichwani, shingo inatetemeka. Nikafumba macho, nikapiga kelele:

"Nyumba ya Mama Kondo imelala! Twende tukaisimamishe! Mliokunywa, mlishakubali jana! Ni mie niliyeona aibu kuwaambia. Nichekeni, lakini mcheke mkikandika!"

Mzee Mwinjuma akageuza muhogo wake kwenye karai la mafuta, akausahau pale.

"Kwetu Kisarawe ilikuwa ngoma," alisema polepole. "Ikilia ya kazi, hata mwenye homa anatoka. Babu alinichapa siku niliyojificha."

"Kumbe na wewe una kwenu?" baba akamwuliza.

"Ulidhani nilizaliwa sokoni?" Akavua shati. "Twende. Lakini kukandika nitawafundisha, maana nyie wa bara hamjui."

Hapo ndipo ukuta ulipoanza kupanda. Albano, mchonga vinyago kutoka Newala, alikuja na panga, akasema kwao udongo huchanganywa na nyasi. Mzee Mwinjuma akasema nyasi ni za mbuzi. Kila mtu akaleta kwao, kila mtu akatetea kwao, na mabishano yakawa mengi kuliko matope. Hata wale vijana walibeba maji, huku wakinitania mpaka masikio yakawaka moto. Jua lilipotua, nyumba ilikuwa imesimama.

Tulipokuwa tukinawa, nilimwambia baba, "Nisamehe. Niliona kwetu ni hadithi za kulilia tu."

"Silii, mwanangu," alisema. "Nakumbuka ili nisije nikazoea kupita mbele ya nyumba ya jirani iliyoanguka. Anayekumbuka alivyotendewa wema anajua pa kuanzia. Wewe ukifika mbali, kumbuka hivyo hivyo, na usione haya kusema."

Jumatatu karani alifika. Baba alikwisha kwenda bandarini. Karani akaugonga ukuta kwa ngumi, ngumi ikarudi na tope. Akausukuma, haukutikisika. Akaandika kwamba nyumba imesimama, uso umemkunjamana.

"Nani kawaongoza?" aliuliza.

"Mume wangu," mama akajibu.

"Yule anayeimba kwao kila siku?" Karani akacheka, akapanda baiskeli. "Kama kwao kuzuri hivyo, mbona harudi?"

"Arudi afuate nini?" mama akamwambia. "Yeye kwao amekuja nako. Wewe uliyeacha kwenu njiani, ukuta wako ukianguka utamwita nani?"