Koti la Zamu

Stima ilikuwa imepotea Kaloleni tangu Jumatatu, na nyumbani kwa Khavere mafuta ya taa yalikuwa yamekauka kwenye koroboi. Basi Jumatano jioni, saa kumi na mbili na robo, akachukua chupa yake yenye kifuniko cha gunzi, akajifunga leso, akaenda kwa Yonis.

Duka la Yonis lilikuwa kwenye kona, karibu na bomba la maji. Ukienda kununua kiberiti unarudi na habari za nyumba tatu. Khavere alipenda hivyo hivyo. Mwaka ule wa tisini na tano alikuwa na miaka sabini na moja, magoti yanamlilia kila ngazi, lakini masikio yake yalikuwa bado ya msichana.

"Niaje, shosho?"

"Shosho ni nyanya yako huko Garissa. Mimi niite mama. Jaza chupa, na usinipunje."

Yonis akacheka, akajaza. Kisha akainama chini ya meza, akatoa bahasha ya kaki.

"Kuna mtu amekuachia hii."

"Mtu gani?"

"Kijana. Miaka ishirini hivi. Na joto hili lote, amevaa koti kubwa la manyoya! Tena limelowa, mama. Linatona. Hebu angalia sakafu yangu."

Khavere akaangalia. Wiki tatu mvua haijanyesha Nairobi. Lakini pale mbele ya meza palikuwa na dimbwi.

"Alisema nini?"

Yonis akashusha sauti. "Alisema... 'Mpe dada yangu, Khavere.'" Akatikisa kichwa. "Nikamwambia, wewe, huyu anatosha kuwa nyanya yako! Hakucheka. Hata jino."

Khavere akafungua bahasha palepale, maana kungoja hadi nyumbani hakuweza. Ndani mlikuwa na picha. Picha mbichi, yenye maji, kama imetoka kuoshwa sasa hivi. Ikanuka siki.

Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka juu angani. Reli. Mto. Mabati ya Makongeni. Mapaa ya Kaloleni yamezunguka kama watu kwenye ngoma. Na pale Jogoo Road, lori la makaa limelala kwa ubavu.

Lori lile lilipinduka jana.

Harufu ile ya siki aliijua kuliko ya chakula chake. Mumewe, Opicho, alikuwa mpiga picha. Miaka arobaini amewapiga picha maharusi wa Eastlands nzima, akiziosha picha kwenye karai nyuma ya nyumba. Kazi hiyo aliisomea vitani, mwaka wa arobaini na moja, Mwingereza alipokuwa akipigana na Mwitaliano. Pale uwanja wa ndege wa Eastleigh palikuwa na kikosi cha upelelezi. Ndege zao hazikwenda kutupa mabomu. Zilikwenda kaskazini kupiga picha za kambi za adui, na nyingine hazikurudi.

Opicho hakuwa peke yake kule. Alikuwa na mwenzake wa chumba kimoja, Wekulo.

Wekulo, kaka yake Khavere.

Jina hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani kwao kwa miaka hamsini na minne. Maana Wekulo alitoroka jeshini. Opicho mwenyewe ndiye aliyeleta habari hadi kijijini, kofia mkononi, machozi shavuni: kijana amekimbilia kaskazini, ana mwanamke wa huko, amesema harudi. Mama yao alikaa chini kwenye majivu. Siku anakufa alimshika Khavere mkono akasema, usilitaje jina la huyo juu ya kaburi langu. Khavere hakulitaja. Na yule mwenye kofia mkononi, aliyekuja mara ya pili kuwapa pole, na ya tatu, na ya nne, ndiye aliyemwoa.

Basi alipofika nyumbani akamwekea Opicho picha mezani, akawasha koroboi.

Mzee akaisogeza karibu na moto. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Yonis. Baba Lorine, nani anapiga picha kama hizi siku hizi?"

Mzee akainua uso. Juu ya paa, mbali, kitu kilikuwa kinanguruma. Si ndege za siku hizi zinazopita kama kitambaa kinachochanwa. Hii ilikuwa ya polepole, yenye kifua kibovu.

Nnnnn... ko. Nnnnn... ko.

"Wamepita juu," Opicho akasema kwa sauti ya chini.

"Akina nani?"

"Kikosi hupita mara tatu, Mama Lorine. Mara ya kwanza juu kabisa, kuujua mji. Mara ya pili chini kidogo, kuijua nyumba. Mara ya tatu..."

"Mara ya tatu nini?"

Mzee akapuliza koroboi ikazimika.

"Mlango."

*

Mwanamke mwingine Alhamisi angekaa kwake aombe Mungu. Khavere alikwenda kununua kiberiti, na kabati lake lina viberiti sita.

Safari hii Yonis hakumwita shosho wala mama. Alisukuma bahasha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma panya mfu.

"Alikuwa hapa sasa hivi," akanong'ona. "Mama... yule kijana hana kivuli cha kawaida. Kivuli chake kinakwenda. Kama cha ndege ikipita."

Picha ilikuwa mbichi tena. Mapaa sasa yalikuwa makubwa. Bomba la maji. Kamba ya nguo ya jirani yake Triza, na ile sketi ya njano isiyomtosha. Ua wa Khavere. Na katikati ya ua, mwanamke mwenye leso, chupa mkononi, anatazama juu.

Ni yeye.

Jana yeye hakutazama juu. Angekumbuka.

Pembeni mwa picha palikuwa na maandishi meupe ya mkono. Kikosini ilikuwa desturi: anayebeba makopo ya filamu huandika jina lake ukingoni, ijulikane zamu ilikuwa ya nani. Khavere alisoma polepole, maana shule yake ilikuwa ya miaka miwili tu ya misheni.

WEKULO. ZAMU YA OPICHO.

Herufi K ilikuwa imegeuka. Imewapa wenzake mgongo, inatazama nyuma.

Akaipitia kwa kidole. Yeye ndiye aliyemfundisha kaka yake kuandika, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni, na kila siku alimpiga vidole kwa sababu ya K hiyo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeiandika vile. Naye hakuiweza sawa hadi anaondoka.

*

Opicho alikuwa amekaa gizani, amevaa viatu.

"Ni mkono wa Wekulo," Khavere akasema. "Usinidanganye, nimezeeka."

Mzee akaanza kusema, akiiambia meza.

Pale kikosini Waafrika walikuwa na koti moja tu la kupandia juu, la manyoya, kwa ajili ya baridi ya angani. Koti moja, watu wawili. Anayelivaa ndiye mwenye zamu. Wiki ile ndege mbili zilikuwa zimepotea, na asubuhi hiyo koti lilikuwa la Opicho.

"Nilimwambia tumbo linaniuma. Nikamwambia, vaa wewe, ukirudi utawasimulia kwenu jinsi milima inavyoonekana ukiwa juu. Alifurahi, Mama Lorine. Alifurahi kama mtoto."

"Na ndege?"

"Jioni tuliingoja. Kulikuwa na ziwa kubwa njiani... Sijui. Wazungu wawili walipigiwa tarumbeta. Yeye hakuwa kitabuni, sisi hatukuandikwa. Wakaniuliza, mwenzako yuko wapi? Ningesema nilimpa koti langu, wangenifunga. Nikasema ametoroka."

"Ukatuambia na sisi."

"Nikishasema kule, ningesemaje kwenu?"

Khavere hakulia. Kuna jambo lilikuwa linapanda ndani yake, polepole, kutoka mbali. Mwaka wa arobaini na nne. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume.

Kwao mtoto mchanga akilia bila kunyonya, hulilia jina. Wazee hukaa, huwataja waliokufa mmoja mmoja, na likitajwa la yule anayemtaka, mtoto hunyamaza, hushika titi. Mtoto wa Khavere alilia siku nane. Wazee walitaja wote. Mababu, mashangazi, hata waliozama mtoni zamani. Jina moja tu halikutajwa, maana aliye hai hatajwi, na Wekulo alikuwa hai, kaskazini, na mwanamke wake.

Siku ya tisa mtoto alinyamaza mwenyewe, wakamzika jioni.

"Ulikuwa umekaa pale," Khavere akasema taratibu. "Kwenye kigoda, karibu na mlango. Siku nane. Unamsikia."

"Mama Lorine..."

"Ulilijua jina."

Mzee akafunika uso.

"Ulikuwa nalo mdomoni, Opicho. Mwanao analililia. Ukalimeza."

Mara ya kwanza tangu waoane alimwita hivyo, jina tupu.

*

Ijumaa hakwenda dukani.

Saa kumi na mbili na robo kifua kile kibovu kikaja kutoka upande wa Eastleigh. Nnnnn... ko. Kikashuka. Mabati ya Triza yakatetemeka. Kuku wakaingia bila kufukuzwa. Nnnnn... Halafu, juu kabisa ya nyumba, kikakatika.

Kimya.

Siki ikajaa chumbani.

Tap... tap... tap... Maji, nje, kwenye kizingiti.

Opicho alikuwa nyuma ya pazia la kitanda, mzee wa miaka sabini na sita, amejikunja. "Mwambie sipo," akanong'ona. "Mwambie kama unavyowaambia watu wa kanisa."

Mlango haukubishwa. Sauti ilitoka chini, karibu na kitasa, kama ya mtu aliyeegemea kwa uchovu.

"Dada."

Khavere alisimama. Sauti ilikuwa ya miaka ishirini. Haikuwa imeongezeka hata siku moja.

"Dada... mama alikasirika?"

"Sana," akasema. "Tulikusema vibaya, Wekulo. Wote. Mimi zaidi."

Maji yakatona.

"Koti hili ni zito," sauti ikasema. "Si langu. Opicho yupo?"

Nyuma ya pazia, mzee alizuia pumzi.

Ingetosha neno moja. Hayupo, amekwenda kwa rafiki. Uongo mdogo kuliko uongo wote uliowahi kusemwa nyumba ile. Khavere aliufungua mdomo kuusema, ninawaapia alitaka kuusema, lakini kilichomjia masikioni kilikuwa kilio. Kilio chembamba cha siku ya nane.

"Yupo," akasema.

Akaondoa komeo mwenyewe. Kisha akaenda jikoni, akawapa mgongo, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Alichokiona ni mkono tu, ulipopita kwenye mwanga wa koroboi: mkono wa kijana, vidole vimekunjamana kwa maji kama vya dobi.

Triza, ambaye hakuna kinachopita Kaloleni asikione, alisema aliwaona. "Baba Lorine alitoka na kijana mmoja, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Ila nilishangaa, mzee ndiye aliyevaa koti. Linamwelemea, linamwaga maji. Kijana alikuwa na shati tu. Walipofika bombani nikageuka kuuliza ugali umeungua au vipi. Kutazama tena..."

Akapiga vidole.

Kwenye kizingiti palibaki picha ya tatu. Mlango, karibu hadi misumari unaihesabu. Umefunguliwa. Na mkono wa Khavere uko juu ya komeo.

Picha hiyo hajamwonyesha mtu. Iko chini ya godoro.

*

Desemba Khavere alikwenda kijijini. Akawaambia wazee ukweli wa Wekulo, na kwa kuwa mwili haukuwapo, wakazika mgomba mahali pake, kama inavyofanywa kwao, wakaliita jina lake mara nne shimoni. Alilala usiku ule kama jiwe.

Kuhusu mumewe, wazee waliuliza. Miezi inapita, mtu hajaonekana, polisi wamechoka. Wachimbe shimo la pili?

"La nini?" Khavere akasema. "Baba Lorine hajafa. Ametoroka. Yuko kaskazini, ana mwanamke."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni uchungu.

Sasa ni Agosti. Wiki iliyopita binti yake Lorine amepata mjukuu, wa kiume, mzuri, nywele tele. Amezaliwa akilia. Hanyonyi. Wanawake wamekaa hapo Kaloleni wanataja majina. Wekulo limetajwa la kwanza kabisa. Mtoto alilia vilevile. Wametaja mababu. Wametaja mashangazi.

"Mama," Lorine akasema jana, macho yamevimba, "tujaribu la baba?"

"Aliye hai hatajwi."

"Lakini mama, kama..."

"Nimesema ametoroka."

Jioni ya leo Yonis ametuma habari kupitia Triza. Kuna bahasha dukani tangu mchana. Imeachwa na mzee mmoja mwenye koti lililolowa, kola imemfunika uso, na hakusema mengi. Alisema, mpe mke wangu.

Khavere hajaenda kuichukua. Amekaa kwenye kigoda, karibu na mlango, mikono mapajani, midomo imefungwa. Mtoto analia, na sauti yake sasa imeanza kuwa nyembamba.

Leo ni siku ya saba.