Sindano za Mgongoni

Ilikuwa Jumanne ya kawaida tu. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alikuwa kwenye cherehani yake chumba cha mbele. Mimi nilikuwa meza ya jikoni, nachora kadi za tarot, zile za kutabiria. Mchapishaji alitaka pakiti mpya kabisa, kadi sabini na nane, picha zangu mwenyewe.

Picha za kale zimejaa wafalme na panga. Mimi upanga nimeuona jukwaani tu, tena wa mbao. Nikaamua kutumia vitu vya nyumba yetu kwa zile alama nne za kadi: panga zikawa sindano, sarafu zikawa vifungo, fimbo zikawa rula za kupimia vitambaa. Vikombe nikaviacha, ila vikawa vya chai. Mama mdogo akakubali kuwa Malkia, mkasi mkononi.

"Malkia gani huyu mwenye kandambili?" alicheka. "Haya, nichore na taji basi, nisiaibike mbele za watu."

Kisha akapekua kadi za zamani nilizokuwa naziangalizia. Akasimama kwenye moja: mtu amelala kifudifudi, panga kumi zimechomekwa mgongoni. Kicheko kikaisha.

"Zote nichore, mwanangu. Hii hapana."

"Sawa, Mama."

Nilimwahidi nikimtazama usoni.

Lakini kadi ile ilinishinda. Nilijaribu migongo ya watu wengine, yote ikawa kama magunia. Mgongo niliokuwa naujua kweli ni mmoja tu, ule ulionibeba. Alhamisi asubuhi nikauchora kwa penseli, mama mdogo amelala juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Uso hauonekani, nikajipa moyo. Nani atajua?

Nikachukua kalamu ya wino. Nikachora sindano ya kwanza.

Cherehani ikanyamaza.

"Mwanangu, hebu njoo uniangalie mgongo. Kuna kitu kimenichoma."

Nikaangalia. Hakukuwa na kitu. Nikarudi, nikachora ya pili. Cherehani ikanyamaza tena, na safari hii hakuniita. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno.

Kufika ya nne nilikuwa nimeshajua. Sitaki kudanganya hapa, nilijua kabisa. Ila picha ilikuwa inatoka vizuri kuliko chochote nilichowahi kuchora, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nikajiambia ni uzee, ni kuinama sana. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

Kitu kizito kikaanguka chumba cha mbele.

Hapo ndipo akili ilinirudia, na bado nikakosea. Sisi wachoraji tukikosea wino kwenye karatasi nene, tunaukwangua kwa wembe. Nikashika wembe, nikaanza kuikwangua sindano ya kwanza ili nimpunguzie.

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

Nilimkuta amejilaza juu ya meza ya kukatia, kifudifudi. Gauni lake lilikuwa zima. Chini yake, ngozi ya mgongo ilikuwa imetoka ukanda mwembamba, upana wa wembe.

"Uliniahidi," alinong'ona.

Nikaanguka magoti. Nikaomba msamaha mpaka sauti ikakauka.

Daktari alisema ni mshipa, akaandika dawa. Tangu siku hiyo mama mdogo hawezi kulala chali. Analala kifudifudi, namlisha kwa kijiko akiwa amegeuza shingo. Mchapishaji nilimwambia nimeacha kazi. Kuichana ile kadi naogopa, kuichoma naogopa zaidi. Nikaifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Ilikuwa na sindano sita, ile ya kwanza ilishatoka na wembe.

Baada ya wiki nikafungua niitazame. Zilikuwa saba. Wiki iliyofuata, nane. Mstari ni wangu, hata yale matundu ya uzi ninayoyapindisha kushoto siku zote.

Leo asubuhi zilikuwa tisa. Wino ulikuwa bado mbichi.

Nikakimbilia chumbani kwake. Alikuwa macho, shavu kwenye mto.

"Imebaki moja, mwanangu," alisema taratibu. "Malizia tu. Nimechoka."

Kadi ile sijawahi kumwonyesha. Idadi sijawahi kuitamka.

"Siwezi, Mama," nilimwambia huku nalia. "Sichori tena."

Nikanyoosha mkono nimfunike shuka mgongoni. Katikati ya vidole vyangu kulikuwa na kalamu, na ilikuwa imeshachovywa wino.