Kiredio Chekundu cha Mzee Stamen

Wenzangu mlio na wagonjwa majumbani, na nyinyi ambao bado, maana siku yenu ipo, kaeni niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Nevena.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa kiangazi mjini Plovdiv. Mtaa wetu mzima ulinukia pilipili hoho za kuchoma, kwa kuwa ndio wakati wa kuziweka kwenye chupa zitufae wakati wa baridi. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu Nevena alikuwa akizimenya, vidole vimemwiva kwa moto. Mumewe, Ognyan, alisimamia jiko. Baba yake Nevena, mzee Stamen, alikaa kwenye stuli akiimba. Mzee huyu alikuwa ameteremka kutoka milima ya Rodopi baada ya kufiwa na mkewe, na katika ujana wake hapakuwa na harusi huko isiyomwita. Akianza kuimba, majirani wa chini walizima redio zao.

Katikati ya ubeti akanyamaza. Nevena akadhani amesahau, akamtania kwamba leo maneno yamemkimbia. Mzee hakucheka. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na kikombe kikamponyoka kikavunjika sakafuni.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimtunza vizuri, wakamrudisha nyumbani akiwa hai, lakini mkono wa kulia umepooza na ulimi hausemi. Kuelewa alielewa kila kitu, na hilo ndilo lililomliza Nevena. Asubuhi alipomletea chai, baba yake alimkazia macho, midomo ikahangaika kulitafuta jina lake, jina alilompa mwenyewe, ikashindwa. Kisha mzee akageukia ukutani kwa aibu.

Nevena hakuomba muujiza. Alitaka siku moja baba yake amwite kwa jina, basi.

Mtaalamu wa kurudisha usemi, Bi Doroteya, mama mnene mwenye mzaha mwingi, alikuja nyumbani kila wiki. Siku ya kwanza aliuliza mzee alikuwa akifanya kazi gani. Alipoambiwa ni mwimbaji, akapiga makofi. Akaeleza kwamba maneno ya kuimba hukaa mahali pengine kichwani, na mara nyingi huko kiharusi hakifiki. Mtu asiyeweza kusema "maji" huweza kuyaimba.

"Mpeni nyimbo zake mwenyewe," alisema. "Ajiwashie kwa mkono wake, aimbe nazo kila siku asikose. Na msichelewe. Miezi hii ya mwanzo ndiyo mlango wenyewe, ukifungwa mtahangaika kuufungua."

Nyimbo zilikuwepo. Binamu mmoja kule milimani alikuwa amezirekodi harusini na kuzitia kwenye kompyuta. Nevena alijaribu simu, lakini kidole cha mzee kiliteleza kwenye kioo, akaisukuma kwa hasira. Ndipo Jumamosi sokoni akanunua kiredio cha plastiki, chekundu kama cha mtoto, cha kutia kadi ya kuhifadhia nyimbo, chenye kitufe kimoja kikubwa. Bei yake haikuzidi ya jibini la wiki moja.

Mzee Stamen akakibonyeza kwa kidole gumba cha kushoto, akajisikia mwenyewe akiimba. Akalia. Akabonyeza tena. Siku ya tatu akatoa neno moja pamoja na sauti yake ya zamani: "msitu." Wiki iliyofuata akataka kunywa, akafumba macho, akaimba "maji" kwa mahadhi ya wimbo wa bibi harusi. Mama Penka, jirani aliyeshinda naye mchana Nevena akiwa kazini kwenye duka la mikate, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akamletea maji. Na jioni moja mzee alimwangalia binti yake, akavuta pumzi, akaimba, "Ne..."

Akaishia hapo. Lakini Nevena alishuka ngazi za ghorofa zote tatu mbio kutuambia. Ne! Baba amefika Ne!

Sasa nije kwa Ognyan. Najua mnangoja niseme alikuwa mlevi, au ana mwanamke mahali. Hapana. Ognyan alikuwa mtu wa watu, hakumtukana mtu, na ndiye aliyemwogesha mkwewe kwa mikono yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusanifu saketi za vifaa vya umeme. Akitoka kazini alijitolea kwenye programu huria, zile ambazo yeyote aweza kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa bila kumlipa mtu. Alikuwa na marafiki dunia nzima ambao hajawahi kuwaona uso, na wote walimsifu. Tuseme ukweli, sifa ni tamu.

Kiredio chekundu kilimkera. Kila kikiwashwa, sauti ya kike ilipiga kelele kwa lugha ya kigeni, na mwanzo wa kila wimbo ulikatwa kidogo. Ognyan alisema ni takataka, kimefungwa, mwenye nacho hawezi kukirekebisha hata akijua. Jioni moja akakichukua kitandani, mzee akiwa amelala, akamwambia mkewe kwamba atakitia programu nyingine, nzuri, na kesho kitarudi.

Kesho yake hakikuwaka. Wala keshokutwa. Alikifungua, akakiunga nyaya, akajaribu njia zote anazozijua. Kilikuwa kimekufa.

Mzee Stamen aliamka akapapasa shuka kwa mkono wa kushoto. Akapapasa tena. Mama Penka alijaribu kumwimbia mwenyewe, maskini, kwa sauti yake ya kuku, mzee akamwangalia kwa huruma.

Nevena alitaka kwenda kununua kingine. Ognyan akamshika mkono, macho yanawaka kwa furaha, na sijui mtu anafurahije siku kama hiyo. Akamwambia ameona mbali zaidi. Atasanifu cha kwake, cha bei ya chini, chenye programu huria tupu, ambacho mzee yeyote wa Bulgaria au wa nchi nyingine ataweza kukitumia kwa kidole kimoja. "Nipe wiki mbili tu. Mimi ni fundi, Neve. Ukileta tena takataka ile humu ndani utakuwa umenivua nguo."

Nevena akamwamini. Ilipopita hata wiki ya tatu alikwenda sokoni kimyakimya, lakini muuzaji alikuwa na vidogo tu, vyenye vitufe kama punje za mchele. Alinunua kimoja hivyo hivyo. Mzee hakukiweza, na Ognyan alipokiona alinuna, siku nyingi hawakusemezana. Tangu hapo Nevena akachagua amani ya nyumba. Jioni alimpigia baba yake nyimbo kwenye simu, akimbonyezea yeye. Mzee alisikiliza kwa adabu, kama mgeni. Hakuimba. Kubonyeza mwenyewe ndiko kulikomrudishia utu wake, na hicho ndicho alichonyang'anywa.

Huko chumba cha pili kazi ilinoga. Ognyan aliutangaza usanifu wake kwenye mtandao, bure kwa kila atakaye, na watu wakamiminika. Mreno alitaka kiwe na redio. Mtu wa Ufini akataka kipokee muziki bila waya. Mwingine, sijui wa wapi, akasema kitufe kimoja ni ushamba, viwe vitano. Ognyan hakuweza kumwambia mtu hapana. Kila wazo zuri lilimrudisha mwanzo, achore upya, aagize saketi upya, angoje kifurushi upya. Pilipili za kwenye chupa zikaliwa zikaisha, theluji ikaanguka, na Bi Doroteya akaja akaulizia kile kiredio. Akaambiwa bado kidogo. Akarudi tena, bado kidogo. Mara ya mwisho alivaa koti lake pole pole mlangoni, akasema hajaona mtu aliyeanza vizuri vile akirudi nyuma namna hii. Mzee hakuimba tena hata "maji". Akiwa na kiu aligonga chuma cha kitanda kwa pete yake.

Basi kabla ya Krismasi ikafika saketi iliyofanya kazi. Nevena alikuwa akipita na kapu la nguo akasikia sauti ya baba yake. Akadhani ni yeye! Akaliacha kapu chini, akakimbilia kwa mzee, akamkuta amelala. Sauti ilitoka mezani kwa Ognyan, kwenye ubao mdogo wa kijani, betri imefungwa kwa utepe, nyaya zimetoka nje, na kitufe kimoja kimebandikwa juu.

"Kinaimba," alisema Nevena.

"Kinaimba, ndiyo. Lakini bado."

"Mpe."

"Nimpe hivi? Hakina hata boksi. Betri imening'inia."

"Tukifunge na kitambaa. Tukitie kwenye kopo la biskuti. Ognyan, mpe hivi hivi, nakusihi. Baba hataki boksi. Anataka kubonyeza."

Mumewe akamshika mabega kwa upendo. Ndiyo, kwa upendo. "Baba yako aliimba mbele ya maelfu ya watu. Mimi siwezi kumwekea kitandani kitu cha aibu. Kikija kile cha mwisho, atajivunia."

Nevena alikuwa na uwezo wa kukichukua mezani akaondoka nacho. Mara ngapi amejiuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo! Alikiangalia, akamwangalia mumewe aliyekonda kwa kukesha, akamwonea huruma. Akaokota kapu lake la nguo.

Ikaingia Machi. Jumamosi moja adhuhuri, jua limetoka, watoto wako nje wakirukia madimbwi ya theluji iliyoyeyuka. Nevena alikuwa akimlisha baba yake supu ya maharage. Kijiko cha nne mzee alikataa. Akainua mkono wa kushoto akamgusa shavuni, jambo ambalo hakulifanya tangu kiangazi. Akamkazia macho, midomo ikaanza kuhangaika kama zamani. Nevena akaweka bakuli chini. Akamwambia, imba baba, usiseme, imba. Mzee akavuta pumzi. Ikaingia nusu, ikakwama. Macho yakapanda juu.

Nevena akaita. "Ognyan!" Akamwinua mzee mabegani, akaita tena, akaita kwa sauti iliyotufikia sisi tuliokuwa uani, Mama Penka akaanza kupanda ngazi. Mumewe alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao. Hakuja. Nevena hakuweza kumwacha baba yake aende kumwita. Alimshikilia kifuani, akimwita yeye sasa, baba, baba, mpaka akahisi uzito wa mwili umebadilika.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa. Ognyan aliingia anacheka, hedifoni zimemning'inia shingoni, mkononi amekishika kifaa kimekamilika, cheupe, kizuri, kinameremeta. Alikuwa akikijaribu. Muda wote ule alikuwa akimsikiliza mzee Stamen.

"Neve, nimemaliza! Sikiliza hii, safi ajabu. Hata pumzi yake inasikika kabla hajaanza kuimba."

Kisha akaona.

Sitaki kuwaeleza kilio cha mle ndani. Mama Penka ndiye aliyemfumba mzee macho. Ognyan alipiga magoti pale pale na kile kifaa mkononi, na hedifoni zilizokuwa shingoni kwake bado ziliimba, kwa mbali, mpaka wimbo ukaisha wenyewe.

Ndoa haikuvunjika, kama mnataka kujua. Wanaishi pamoja, wanasemezana kwa upole mno, upole wa watu walio hospitalini. Kifaa chenyewe kimeenea. Ni cha bei ya chini kweli, na wazee wa nchi nyingi wanakibonyeza kwa kidole kimoja, maana mwishowe Ognyan alirudi kwenye kitufe kimoja. Siwezi kukisema vibaya. Ila ndani ya nyumba ile hakiwashwi, na Nevena, mtu akimwita kwa jina ghafla dukani, huchelewa kidogo kugeuka.

Mafunzo

Jamani, Ognyan hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nimewasimulia habari yake. Mtu mbaya tungemjua tukamzuia. Huyu aliangamiza nyumba kwa nia njema, kwa kutaka kizuri zaidi wakati kilichotosha kilikuwa mikononi mwake.

Mgonjwa hana wakati wa kungojea ustadi wetu. Kama kitu kinamfaa, mwache nacho, hata kiwe cha plastiki, hata kikukere masikio. Ukitaka kumtengenezea bora, tengeneza, lakini usimpokonye alicho nacho kabla hujamwekea kingine mkononi. Kuwasaidia walio mbali ni jambo jema, nami nawaheshimu wanaogawa kazi yao bure. Lakini wa mbali wana wengine wa kuwajibu. Yule aliye nyuma ya ukuta wako ana wewe tu.

Na nyinyi akina Nevena, mnaonyamaza ili nyumba iwe na amani, nanyi nawaambia kwa uchungu: siku ile ya ubao wa kijani, chukueni. Mume atanuna, kisha hasira zitamwisha. Baba akishaondoka, hakuna atakayewaita tena kwa ile sauti.