Uxía wa Casa da Pena

"Zima hiyo sauti, Jacobo."

Jacobo hakuzima. Alikuwa juu ya ngazi anafunga spika ya mwisho, na sauti ya Uxía mwenyewe ikazidi kulia ukumbi mzima: *Mama akijua nasugua vyoo vya hoteli, atakufa kwa aibu.*

Maneno hayo aliwahi kumwambia Jacobo peke yake, kitandani, huku akilia, majira ya baridi yaliyopita. Hakujua simu ya mwenzake ilikuwa inarekodi.

Wote wawili ni Wahispania waliohamia Berlin, na wote wasanii. Uxía alisafisha vyumba vya hoteli, na akipumzika alitarizi mashuka yaliyochakaa, akiandika kwa uzi madhila ya wanawake wasafishaji. Jacobo ni fundi wa sauti. Maonyesho haya waliyahangaikia pamoja mwaka mzima, na harusi yao ilipangwa iwe Mei. Wanawake kumi na mmoja walirekodiwa, kila mmoja akaombwa ruhusa. Wa kumi na mbili hakuombwa. Na zilibaki saa mbili tu milango ifunguliwe.

Kijijini Galicia, huko Hispania, Delfina, mama yake Uxía, aliamini binti yake ni nesi. Ndiyo kazi aliyomsomeshea. Mtihani wa Kijerumani unaotakiwa kwa manesi wageni ulimshinda Uxía mara mbili, akaona haya kusema, na uongo ukishazoea mdomo hautoki.

"Mpenzi, hiyo ndiyo sauti nzito kuliko zote," Jacobo alisema akishuka. "Si tulitaka watu waamke?"

"Waamke kwa kumuua mama yangu?"

"Nani atakujua? Majina yako ya ukoo nimeyaondoa yote mawili, la baba na la mama. Nimeacha tu 'Uxía wa Casa da Pena'. Linapendeza, kama shairi."

Uxía akakaa sakafuni.

Jacobo ni mtoto wa Madrid, angejuaje? Kijijini kwao Uxía jina la ukoo ni la kwenye karatasi za serikali tu. Mtu hujulikana kwa nyumba aliyozaliwa, na Casa da Pena, nyumba ya kwao, iko moja. Alichokifuta ni kile asichokijua mtu, akaacha kile wanachokijua wote.

"Hilo jina umelipeleka wapi?"

Akajikuna shingo. Kwenye mabango, akasema. Na kwenye gazeti moja la huko kwao Uxía, lililotaka habari za wasanii walioko nje. Limetoka asubuhi, na ndani yake mna maneno yale ya vyoo, na jinsi alivyoyasema akilia.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mama: *Carmiña wa jirani amenisomea gazeti. Nipigie.*

Alipiga.

"Mwanangu, ni kweli?"

"Ni kweli, mama."



"Nimezoa mavi ya ng'ombe miaka arobaini," mama akasema. "Choo kingenitisha nini? Kinachoniuma ni kusomewa na Carmiña, na wewe mdomo unao."

"Nisamehe, mama."

"Tutayaongea ukija. Huyo mwanamume yupo hapo? Mpe."

Jacobo akapokea, sauti ya mama ikisikika hadi kwa Uxía, akaanza kueleza habari za sanaa na haki za wahamiaji. Mama alimwacha amalize.

"Nakuuliza moja tu, baba. Alipoanza kulia, ulimfuta machozi kwanza, au uliwasha mashine kwanza?"

Jacobo akashusha simu sikioni. Akamtazama Uxía, akatazama spika. 

Uxía alichukua simu yake mkononi mwa Jacobo, akavua pete, akaiweka juu ya ngazi. Kisha akachomoa waya mmoja.

Binti yangu unayesoma hapa, siri ya kwako mwambie mama yako mwenyewe, kabla hujampa mwanamume anayeishi kwa kuuza machozi, hata kama anayauza kwa nia njema.

Wageni walipoingia saa kumi na mbili, walisikia sauti kumi na moja.